Kichwa cha Kambale na Maji Yasiyo na Mwenyewe

Tangu nirudi kutoka Itebero sijaweza kunywa kikombe cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa amani. Kila rafiki anayeketi karibu yangu anauliza, "Eti ilikuwa namna gani?" Mimi nasimulia, na kila nikisimulia safari inarefuka. Juzi Papa Bauma, ambaye tulikwenda pamoja, alinikatiza mbele ya watu akasema mito niliyoivuka imeshapita mito ya Kongo nzima. Basi nimeamua kuandika. Karatasi haina kiu, haitarefuka zaidi ya hapa.

Wengine mtakaosoma hamlijui ziwa letu. Liko nyuma ya kilima cha Kashuga, ni dogo, na zamani mtumbwi ulilivuka huku mwimbaji akiimba wimbo mmoja tu wa kanisa. Kisha akaja mzungu, Musiyu Mifereji. Jina lake la kweli analijua mama yake. Sisi tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa hajui kuona maji yakipita bila kuyachimbia mfereji. Kijito kinacholisha ziwa akakigeuza kiende kwa kahawa yake na ng'ombe wake. Hapa kwetu Masisi mvua inanyesha mpaka vyura wanatafuta mahali pa kujikinga, na katika nchi hiyo hiyo yeye alifaulu kukausha ziwa! Lazima mtu awe na kipaji. Mitumbwi ikalala kwenye matope makavu, mbuzi wakazalia ndani yake, na kambale wakarundikana katika dimbwi moja la katikati wakitutazama kama abiria waliokosa kamyo.

Tulikwenda kulia kwa Bwana Ajenti wa teritwari, mkubwa wa Serikali wilayani. Akatusikiliza akijipepea na kofia, kisha akatuambia sheria kwa kinywa cha mkalimani wake. Maji yenye mwenyewe ni ya mwenyewe. Maji yasiyo na mwenyewe ni ya Serikali, na Serikali inaweza kumpa mtu anayeyaomba. Musiyu Mifereji alikuwa ameyaomba.

"Ni yetu!" tulipiga kelele.

"Ya nani kati yenu?"

Hapo hatukuweza kudanganya, kwa sababu desturi tunaijua. Sisi ni wavuvi wa ziwa, si wenye ziwa. Wenye ziwa ni ukoo mmoja ulioteremka msituni, upande wa Itebero, tangu wakati wa babu za babu zetu. Kila mara mwenye ziwa mmoja akifa, sisi tunampelekea mrithi kambale mkubwa aliyekaushwa, naye anakula kichwa. Akishakula, ziwa liko juu yake. Asipolitetea, tumbo linamvimba mpaka kitovu kinaangalia mbinguni. Mwenye ziwa wa mwisho alikuwa amekufa, na habari zilisema mrithi ni mwanamke, Mama Nyabuki.

"Mumulete mbele yangu," Bwana Ajenti akasema, "kwenye baraza la baada ya mavuno ya maharagi. Asipokuja mtu, maji hayana mwenyewe."

Kashuga mpaka Masisi: viatu vya mtu mwingine

Kijiji kilichagua watatu. Papa Bauma, mvuvi, kwa sababu ndiye aliyemvua kambale na kumkausha, na alikuwa amemfunga kwa majani ndani ya kikapu kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Mimi, kwa sababu nina diploma ya masomo ya jioni yenye muhuri mkubwa kuliko sahani, na ninasikia Kifaransa. Wa tatu tulipewa na chifu: Kalani Bonifasi, karani wa baraza na mkalimani wa Bwana Ajenti.

Sasa mnisikilize juu ya Bonifasi. Alivaa kaske nyeupe, ile kofia ngumu ya kizungu, na viatu vyekundu vya ngozi ambavyo kila mtu aliviona zamani kwenye miguu ya Musiyu Mifereji. Vilimzidi sana. Alivijaza maganda ya mahindi, na akitembea vilisema kwacha-kwacha, hata kware walimjua kwa mbali. Mtu anayevaa viatu vya mzungu aliyetunyima maji anatumwa kutafuta mwenye maji! Nilimwambia Bauma chifu wetu ana akili za ajabu. Bauma akasema chifu alikuwa akimwondoa tu nyumbani ili apumzike masikio.

Tulipopanda vilima, Bonifasi alitufundisha sheria. "Maji ni kama hewa. Iko inapita. Muntu atasema je, hii hewa iko yangu?"

"Kalani," Bauma akajibu, "basi mbona Musiyu anaiomba? Aombe na hewa."

"Wewe hukusoma."

"Njo maana ninauliza."

Kuhusu kichwa cha kambale Bonifasi alicheka mpaka kaske ikaanguka. Tumbo kuvimba! Yeye ni mkristo, alisema, na tena mkristo mwenye cheo. Bauma alihamisha kikapu begani, upande wa mbali na Bonifasi.

Masisi mpaka Rubaya, mahali ambapo hatukuwa tunakwenda

Pale Masisi tulikuta kamyo imesimama mbele ya duka. Mimi nilikuwa nataka kumwuliza shofere anakokwenda, kama mtu yeyote aliyezaliwa na mama. Bonifasi akanishika mkono. Kuuliza, alisema, ni kazi ya washamba. Akaligonga bati la mlango kwa fimbo yake, akatamka, "Serikali! Peleka sisi!" Shofere akatazama kaske, akasema ndiyo bwana, tukapanda juu ya magunia ya maharagi.

Njia ilipanda. Ikapanda tena. Baridi ikatung'ata, ukungu ukaingia mpaka ndani ya suruali. Nilikuwa nimesikia kwamba kwenda Walikale, ambako ndiko Itebero, ni kuteremka kwenye joto la msitu, lakini nani angethubutu kusema mbele ya viatu vile? Mwishowe kamyo ikasimama katikati ya vilima vilivyochimbwa, vijana wenye udongo mpaka kwenye kope wakipita na mizigo ya mawe kichwani.

"Hapa ni wapi?" Bonifasi akauliza, yeye asiyeuliza.

"Rubaya, bwana," shofere akajibu. "Ninaleteaka wachimbaji maharagi."

"Nilisema Walikale!"

"Bwana, ulisema tu Serikali. Na Serikali iko hata hapa."

Wachimbaji walicheka mpaka mmoja akatua mzigo wake. Wakatupa bugali na maharagi yasiyo na chumvi, wakatuacha tulale kwenye kibanda cha mizigo, halafu asubuhi wakasimama kando ya njia wakituaga: "Serikali, safari njema! Serikali, angalia usipoteze kiatu!" Sijapata kuona watu wenye adabu nzuri kama ile.

Tulirudi Masisi kwa miguu. Maharagi mashambani yalikuwa yameanza kugeuka manjano, na Bauma alikuwa akilitazama kila shamba tulilopita, midomo ikihesabu siku. Baraza lilikuwa baada ya mavuno. Ukitaka kumchelewesha mtu huwezi kupata njia nzuri kuliko ile ya Bonifasi, na hadi leo sijui kama alikuwa mjanja au mjinga. Nikimtazama, naelekea upande wa mjinga.

Msitu

Kamyo nyingine, ambayo shofere wake nilimwuliza mimi, ilituchukua mpaka kwenye daraja lililokuwa limechukuliwa na maji. Kutoka hapo tukatembea. Nyinyi wa vilima hamjui msitu. Miti ni mirefu kiasi kwamba mvua ya jana ilikuwa bado haijafika chini. Matope yalikuwa yanameza mguu mpaka kwenye goti, na kila yalipoumeza wa Bonifasi, yalirudisha mguu na kubaki na kiatu. Tulikuwa tunasimama, anachimbua kiatu, anamwaga matope, anajaza majani mapya, tunaendelea, kiatu cha pili kinaingia. Nilimshauri avue atembee miguu tupu kama Wakristo wengine.

"Kwa wenyeji watasema nini?" akaniuliza.

"Watasema umefika."

Watu wa huko wanalima, wanawinda, wanasali Jumapili, na wanakaribisha mgeni kabla hajakohoa. Kila kijiji tulipewa lituma ya ndizi zilizopondwa, sombe ya majani ya muhogo, na nyama iliyokaushwa ambayo sikuuliza jina lake. Mahali pamoja Bonifasi aliuliza, akaambiwa, akakaa na njaa. Mimi nikala sehemu yake, ilikuwa tamu. Na kila mara sahani ikifika alikuwa na neno lake moja: sehemu ya kichwa ni ya mkubwa. Kichwa cha kuku, kichwa cha nyani, yeye alikinyooshea mkono wake kabla ya sala.

Bauma alilala amekumbatia kikapu. Unyevu ule ulimtia hofu. "Kambale akioza," aliniambia, "tutafika kwa yule mama na nini? Na maneno? Maneno yetu alishasikia nani?"

Itebero: sahani ya mgeni

Tulifika Itebero mchana. Nyumba ya Mama Nyabuki tulionyeshwa na kila mtu, hata na mbwa. Mwenyewe alikuwa shambani, mbali, akapelekewa habari. Alitupokea mkwe wake, Mama Yulia, mwanamke wa maneno machache na tabasamu kubwa.

Bauma alipumua kwa mara ya kwanza tangu Kashuga. Aliona moshi unafuka vizuri jikoni, akamkabidhi Mama Yulia kikapu kwa mikono miwili.

"Mama, kitu hii unitunzie juu ya moto. Isipate maji."

"Aksanti sana, papa," Mama Yulia akasema, akakipokea naye kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

Bauma akaenda mtoni kuoga, ili amkute Mama Nyabuki akiwa safi. Mimi nikasinzia. Bonifasi akaanza kufuta viatu.

Niliamshwa na harufu. Ndugu zangu, hiyo harufu ingemwamsha marehemu! Mama Yulia alikuwa amesimama na sahani: samaki ndani ya mawese mekundu, pilipili inaelea, lituma pembeni. Kaskazini au kusini, samaki aliyekaushwa akishaogelea kwenye mawese haulizwi kwao wapi. Na mto ulikuwa hapo karibu, nikadhani ametoka humo. Nilimega mkia. Bonifasi akanyoosha mkono kwenye kichwa.

"Hii ni ya mukubwa."

Alikila kwa utaratibu wa kiofisi. Macho kwanza, kisha mashavu, kisha akavunja mifupa na kufyonza ubongo akiwa amefumba macho. Mama Nyabuki aliingia uani wakati ule, jembe begani, mwanamke mnene, mwenye nguvu, ambaye sikuweza kukisia umri wake na sikuthubutu kuuliza. Alisimama akamwangalia anavyofyonza.

Nyuma yake akatokea Bauma, anatiririka maji, ameoga mpaka masikio yanang'aa. Akaona sahani. Akatazama juu ya moto. Kikapu kilikuwa kimeninginia pale kitupu.

"Yesu Maria," akasema, akaketi chini kwenye vumbi, na kuoga kwake kote kukaishia hapo.

Mama Yulia alianza kulia. "Alinipa mu mikono mbili! Kwetu, hata mugeni akisema tunza, kitu anaweka mu mikono ya mama wa nyumba njo ya kupika. Angetaka kutunza, angetundika yeye mwenyewe."

"Kwetu," Bauma akasema akiwa palepale chini, "mugeni hagusi dari ya mwenyewe."

Basi. Njia ile yote, Rubaya ile, matope yale, na ziwa likaliwa kwa adabu.

Mama Nyabuki akaweka jembe. Bauma akamweleza yote: kijito, mfereji, baraza, maji yasiyo na mwenyewe. Alieleza vibaya, akirukaruka, lakini mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Kichwa, nani alikula?"

Jibu halikuhitajika. Bonifasi bado alikuwa na mfupa wa shavu katikati ya vidole, na mawese kwenye ndevu.

Mama Nyabuki akacheka. Alicheka akiwa ameshika kiuno, akaacha, akamtazama Bonifasi, akaanza upya. "Papa wa viatu! Ulikula mu nyumba yetu, na chumvi yetu, macho yangu inaona. Basi ziwa iko mu tumbo yako. Mimi mudomo yangu iko mutupu, siwezi kusema juu ya maji tena."

"Mama, hiyo ni mambo ya wapagani," Bonifasi akasema. "Mimi ni mukristo."

"Hata mimi. Nilibatizwa kabla yako, naona. Sasa kaa wima, nikuangalie tumbo."

Sitasema tumbo la Bonifasi lilivimba. Mimi nasimulia yaliyotokea. Lakini samaki wa siku nyingi, mawese mengi, pilipili, na hofu: usiku huo alitoka nje mara nyingi, na kila alipotoka tulisikia sauti ya Mama Nyabuki kutoka kitandani kwake: "Ziwa inazunguka, papa?"

Kurudi

Asubuhi mama alikuwa tayari njiani, na mzigo wa ndizi kichwani. Alisema hawezi kuongea kwa niaba ya maji, lakini anaweza kushuhudia ni nani aliyeyameza. Alitembea mbele, sisi nyuma. Bonifasi alijaribu kila ugonjwa unaojulikana. Mguu ulimwuma, mama akamkatia fimbo. Homa ilimpata, mama akamchemshia majani machungu kiasi kwamba mimi, niliyekaa mbali, nilipona kikohozi. Mara moja alijaribu kubaki nyuma ili apotee. Viatu vikamsaliti, kwacha-kwacha. Mama akarudi akamleta.

Lakini tulipotoka msituni na kuona vilima, mashamba yalikuwa matupu. Maharagi yalikuwa yameshang'olewa, mashina yamerundikwa, wanawake wanapura uani. Mavuno yalikuwa yamekwisha. Bauma akaanza kukimbia, mzee mwenye wajukuu, na sisi nyuma yake, na mama nyuma yetu akimsukuma Bonifasi mgongoni kwa kiganja.

Masisi, kwenye baraza

Tuliingia Bwana Ajenti akiwa ameshika kalamu. Musiyu Mifereji alikuwa ameketi pembeni yake, miguu imenyooshwa, ana viatu vipya. Watu wa Kashuga walikuwa wamejaa nje mpaka barabarani, wameshakata tamaa.

"A, Bonifasi!" Musiyu Mifereji akasema kwa Kifaransa, kwa furaha. "Umerudi. Waambie basi."

Bonifasi akasimama mahali pake pa mkalimani, kati ya meza na watu. Alikuwa amekonda, matope yamemfika kwenye mkanda. Bwana Ajenti akauliza kama mwenye maji amepatikana. Mama Nyabuki akasogea mbele akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni:

"Maji ilikuwa ya ukoo yetu. Kichwa ya kambale ilikuja kwetu, na ililiwa kwetu, niliona. Mwenye maji ni huyu anayevaa kaske."

Sasa ilikuwa zamu ya Bonifasi kutafsiri. Bwana Ajenti akasubiri. Mimi nilisogea mpaka bega langu likagusa lake, nikamwambia polepole, "Kalani, kumbuka nilisoma jioni. Kila neno nitalisikia."

Musiyu Mifereji akacheka. "Anasema nini huyo mama? Hakuna mwenyewe, siyo?"

Mama Nyabuki hakujua Kifaransa, lakini uso anaujua. Akauliza kwa upole kabisa, "Tumbo iko aje, papa?"

Bonifasi akashika tumbo. Naapa nilimwona akilishika. Akamtazama yule mzungu, akatazama wale watu wa nje, wanawake waliokuwa wakichota matope ziwani na kuyachuja kwa kitambaa; mke wake mwenyewe alikuwa miongoni mwao, na mtungi. Nadhani alikuwa hajapata kuwatazama akiwa amesimama pale. Akasema:

"C'est moi."

Ni mimi. Tena kwa sauti ndogo, kama panya anayeomba njia. Bwana Ajenti akamwambia arudie. Akarudia, ikatoka kubwa kidogo.

Musiyu Mifereji akageuka mwekundu, kisha mweupe, kisha rangi ambayo shule ya jioni haikunifundisha. "Wewe? Wewe uliniambia mwenyewe, nyumbani kwangu, kwamba maji haya hayana mtu!"

"Ilikuwa kweli, Musiyu," Bonifasi akajibu. "Nilikuwa sijala."

Bwana Ajenti alitaka kwenda kula, kila mtu aliona. Aliuliza wazee wa baraza kama desturi iko hivyo. Wakasema iko hivyo. Akasema basi maji yana mwenyewe, na anayeyataka amwombe mwenyewe. Musiyu Mifereji akaomba papo hapo, kwa sauti ya mtu anayeita mpishi wake. "Bonifasi. Utaniachia kijito changu."

Ndipo akaviangalia vile viatu vyekundu, muda mrefu, ili Bonifasi naye aviangalie.

Bonifasi akainama. Nilidhani anapiga magoti, nikataka kutema mate. Lakini alikuwa anafungua kamba. Akavua cha kulia, akavua cha kushoto, maganda ya mahindi yakamwagika sakafuni mbele ya Serikali, akaviweka mezani vikiwa na matope ya Walikale nzima.

"Hapana, Musiyu."

Kashuga

Mfereji tuliuziba kwa mawe na udongo, kijiji kizima, na jiwe la kwanza alitupa Bonifasi miguu tupu. Kijito kilirudi. Ziwa bado halijafika kwenye mawe ya zamani, lakini mbuzi wametoka kwenye mitumbwi, wakiwa na hasira.

Msinione ninamsifu. Mtu huyo sasa hakaliki. Anasema alijua tangu mwanzo, kwamba Rubaya ilikuwa hesabu yake, na akiona mtoto anakojoa ziwani anapiga kelele, "Maji yangu!" Lakini Mama Nyabuki kabla hajarudi msituni aliacha agizo, na Bauma analishika kama amri ya kumi na moja. Kila kambale mkubwa anapovuliwa, kichwa kinapikwa ufukweni, na mwenye ziwa anakuja kukila mbele yetu sote, amesimama majini mpaka magotini, bila viatu.

Nami huwa sikosi. Jana alibakiza jicho moja. Tukamwambia amalize.